Maswali yenu: vimiminika vya ioni, maji, na chupa iliyoingia ukungu

Toleo lililopita niligusia vimiminika vya ioni kwa mistari michache tu, nikasema kuna vinavyovumilia maji na kuna visivyovumilia, bas barua zikaja kwa wingi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua hizi, na moja imenitia wasiwasi hasa kwa hivo nimeijibu kwa urefu, naomba wote wanaoingia maabara waisome mpaka mwisho.

Assalaam aleikum maalim. Mie nasomesha sayansi skuli ya msingi. Ulisema kuna chumvi ambayo ni maji maji yenyewe bila ya kuyeyushwa kwenye maji. Sasa hii chumvi yetu ikifika masika inalowa ndani ya kopo mpaka inachuruzika, ndo hiyo? — Msomaji, Wete

Waaleikumsalaam mwalimu mwenzangu. Siyo hiyo, ila umekaribia sana. Chumvi ya kwenye kopo inalowa kwa maji ya hewani, na hasa si chumvi yenyewe inayoyavuta, ni ile kloridi ya magnesi inayobakia ndani yake pale inapovunwa kwenye maji ya bahari bila kusafishwa sana. Ukiianika juani au ukiipitisha kwenye kikaango inarudi kavu kama zamani. Chumvi safi ya mezani ukitaka iwe maji maji bila kuitia maji basi unahitaji joto la nyuzi 801 za selsiasi, na moto wa hivo jikoni haupo.

Kimiminika cha ioni nacho ni chumvi, kina ioni, yani chembe zenye chaji ya umeme, chanya na hasi, tofauti yake ni kuwa ioni zake, mara nyingi ile chanya, ni kubwa na zimekaa upande upande, hazipangiki vizuri zikashikana zikawa tembe ngumu, kwa hivo kinabaki maji maji hata kwenye joto la kawaida. Kwa kawaida tunahesabu zile chumvi zinazoyeyuka chini ya nyuzi 100. Ya zamani inayotajwa sana ni ya Paul Walden wa mwaka 1914, nitrati ya ethilamonia, inayeyuka kwenye nyuzi 12 hivi, yani hapa kwetu nje ya friji isingeganda hata siku moja. Alafu vimiminika hivi karibu havitoi mvuke, ndo maana watu walivipenda badala ya viyeyushi vinavyonuka na kushika moto.

Sasa vinapofanana na kopo lako ni kuwa vingi vinakunywa maji ya hewani. Vinapotofautiana ni kuwa baadhi yake vikishakunywa maji hata ukivikausha havirudi vilivyokuwa, manake maji yameshavivunja. Kulowa ni jambo moja na kuvunjika ni jambo jengine kabisa, ukilishika hilo umeshaielewa nusu ya mada, na huyu mwanafunzi anaefuata ndo limemkuta.

Maalim shkamoo. Mie niko mwaka wa mwisho, kwetu Tunguu lakini mradi nimefanyia maabara moja huko Bara. Tulitengeneza kimiminika cha ioni kinachoitwa heksaflorofosfati ya butili-methili-imidazolio, tulichukua kloridi yake tukaichanganya na asidi ya heksaflorofosfori, tukaiosha kwa maji mara chache, ikazama chini kama mafuta mazito maji yakabaki juu. Msimamizi akasema hii haipatani na maji kwa hivo msiwe na wasiwasi nayo. Tukaiweka kwenye oveni nyuzi 110 usiku kucha ikauke, alafu nikaitia kwenye chupa ya gilasi. Nimerudi likizo nakuta chupa kwa ndani ina ukungu mweupe, nafuta haufutiki, nilipofungua ikatoka harufu kali inachoma pua. Karatasi ya pH inasoma 2, yani asidi kali. Tumekosea wapi na naweza kuitumia bado? — Mwanafunzi

Marahaba mwanangu. Kabla ya kemia: usiitumie, na chupa hiyo usiifungue tena nje ya kabati la kuvuta moshi. Harufu hiyo ni hidrojeni floridi, na ukungu huo ni kazi yake. Inachemka kwenye nyuzi 19 na nusu, kwa hivo kwa joto letu ikiwa peke yake ni gesi, na ikiwa ndani ya maji ni asidi ya hidrofloriki ambayo si asidi ya kuzoeleka. Inapenya ngozi bila ya kuonesha kitu, maumivu yanaweza kuja masaa kadhaa baadae, ndani ya mwili inaikamata kalsiamu na hapo hata moyo uko hatarini. Kama ilikugusa vua glovu, osha kwa maji mengi, paka jeli ya kalsiamu glukoneti na nenda hospitali uwaambie jina la asidi, usiseme tu nimeungua na kemikali. Maabara yoyote inayogusa vimiminika vyenye florini na haina hiyo jeli kwenye sanduku la huduma ya kwanza mie nasema isiviguse mpaka iinunue.

Haya, sasa imetoka wapi. Ioni hasi ya chumvi yako ina fosforasi moja katikati, imezungukwa na florini 6 pande zote. Maji safi yasiyo na asidi yakija kwenye joto la chumbani hayapati pa kuingilia, florini zimeziba, na ndo maana watu wanaweza kuiosha kwa maji na isiwe kitu. Ikiwepo asidi mambo yanabadilika, protoni, yani ioni ya hidrojeni ya ile asidi, inaishika florini moja inailegeza, inaondoka nayo ikiwa hidrojeni floridi, nafasi ikishafunguka molekuli ya maji inaingia, alafu florini nyengine zinafuata moja moja na mwisho kinachobakia ni fosfati. Na hiyo iliyotoka ni asidi yenyewe, kwa hivo kila inapotoka inaharakisha kuvunjika kwa iliyobaki. Ukiongeza moto ndo unamaliza kabisa.

Nyinyi mlitumia asidi ya heksaflorofosfori na mkaosha mara chache, yani asidi ilibaki ndani. Kuosha hapa hakuhesabiwi kwa mara, unaosha mpaka maji unayoyamwaga yapimwe na yasiwe na asidi. Alafu mkaitia oveni nyuzi 110 ikiwa bado imelowa. Asidi, maji na moto vyote kwa pamoja usiku kucha. Naamini ilianza kuvunjika humo ndani ya oveni kabla hata hujafunga begi la safari.

Kwenye chupa ikaendelea. Gilasi ina silika, hidrojeni floridi inaila silika, na katika kuila inatoa maji. Yale maji yaliyotumika mwanzo kuivunja chumvi yanarudi upya, yanavunja nyengine, inatoka floridi nyengine, inaila gilasi tena. Ndo maana maji kidogo tu ndani ya chupa ya gilasi iliyofungwa yanafanya uharibifu mkubwa kuliko hesabu yake ya mwanzo. Iangalie chupa kwa nje bila kuifungua, utaona ukungu haukuishia pale kimiminika kilipofika, umepanda juu yake mpaka karibu na shingo, hiyo ni gesi imekula ukuta wa chupa hata pasipoguswa na kimiminika. Haufutiki kwa sababu si uchafu uliogandia, ni gilasi yenyewe imelika.

Sasa ile kauli ya kuwa haipatani na maji. Ni kweli inazama chini na maji yanakaa juu, uzito wake ni gramu 1.37 hivi kwa sentimita moja ya ujazo. Lakini kutengana huko hakumaanishi kuwa ndani hamna maji. Ikishakaa na maji inayachukua kama asilimia 2 ya uzito wake. Inasikika kidogo, ila molekuli ya maji ni nyepesi na ioni ni nzito, ukipiga hesabu unakuta katika kila jozi 3 za ioni mna molekuli 1 ya maji. Hapo hata kidogo huwezi kuiita kavu, na ukiiangalia kwa macho ni angavu tu kama kawaida, haioneshi dalili.

Na usidhani ni nyinyi peke yenu. Kikundi cha Robin Rogers pale Alabama, Marekani, mwaka 2003 walitoa makala kuhusu chumvi hii hii, walikuwa wanaisafisha na kuikausha wakakuta fuwele ngeni, walipozipima kwa eksirei zikawa ni floridi ya ile ioni chanya ikiwa na molekuli ya maji. Wakasema wazi kuwa vimiminika vya ioni si kila wakati ni rafiki wa mazingira kama vilivyokuwa vinasifiwa. Mwaka 2010 Mara Freire na wenzake kule Ureno wakailinganisha na ndugu yake mwenye boroni, tetrafloroborati, kwa joto na pH mbali mbali. Ile ya fosforasi ilivunjika palipokuwa na asidi na joto, ile ya boroni ilivunjika kila walipoijaribu. Kwa hivo mtu akikwambia badilisha utumie tetrafloroborati usimsikilize, hiyo maji yanaionea zaidi.

Ukianza upya na kama mradi wako unataka kimiminika kinachojitenga na maji, tafuta chenye ioni ya bisi-trifloromethilisulfonili-imidi, wenyewe wanaiita triflimidi kwa ufupi. Florini zake zimefungwa kwenye kaboni, si kwenye fosforasi wala boroni, na maji hayazing'oi kwa urahisi. Nacho kinakunywa maji kidogo, ukikikausha kinarudi vile vile. Bei yake iko juu, hilo nakubali. Hicho ulichonacho kihamishie kwenye chupa ya plastiki ya poliethilini au ya teflon, ukiwa na msimamizi, ndani ya kabati la moshi, na msimamizi wako muoneshe jibu hili kwa adabu tu, manake aliyoyasema yameandikwa hivo hivo kwenye vitabu vingi vya zamani.

Maalim, kuna kimiminika cha ioni ambacho hakitaki maji hata tone? Yani kikigusana nayo palepale? — Msomaji, Chake Chake

Kipo, na ndo historia ya mada yenyewe ilipopita. Vile vya mwanzo vilivyofanyiwa kazi sana vilikuwa na kloridi ya alumini ndani yake, John Wilkes na wenzake pale chuo cha jeshi la anga la Marekani, Colorado, walitoa vya imidazolio mwaka 1982, walikuwa wanatafuta kitu cha kutia kwenye betri. Hivo ukivifungua kwenye hewa yenye unyevu vinafuka moshi, ni gesi ya hidrojeni kloridi, na vikipata maji vinatoa joto kwa nguvu. Ilibidi kila kitu kifanyike ndani ya kabati lililojazwa gesi kavu, mikono unaingiza kupitia glovu. Fikiria kufanya hivo Unguja mwezi wa Aprili.

Mwaka 1992 Wilkes na Michael Zaworotko wakatoa makala yenye vimiminika vipya, wakaviita imara kwenye hewa na maji. Miongoni mwake ni tetrafloroborati, hiyo hiyo niliyomuonya mwanafunzi hapo juu. Hawakusema uongo, walilinganisha na vile vinavyofuka moshi, na ukilinganisha na hivo kweli ni imara sana. Tatizo ni waliokuja baadae, wakalichukua neno imara peke yake wakaacha walichokuwa wanalinganisha nacho. Mie kila nikikuta neno hilo kwenye lebo nauliza imara kwa muda gani, kwa joto gani na kwa pH ipi, na muuzaji akishindwa kujibu sinunui.

Salaam maalim. Bibi zangu wanafukia makumbi pwani, wakishayatoa wanayaponda wapate usumba wa kusokota kamba. Mabaki yanayotupwa ni mengi. Nimesoma kuwa kuna vimiminika vya ioni vinayeyusha selulosi, yani kile kinachofanya nyuzi za mimea, je makumbi tunaweza kuyatia yakiwa yamelowa hivo hivo? — Kijana, Makunduchi

Hapana, yakaushe kwanza, na yakaushe sana. Umesoma sawa, mwaka 2002 kikundi hicho hicho cha Rogers kilionesha kuwa kloridi ya butili-methili-imidazolio inayeyusha selulosi, ukiipasha moto unapata mchanganyiko wenye kama asilimia 10 ya selulosi, na kwa mikrowevu walifika mpaka 25. Siri iko kwenye ioni ya kloridi, inakwenda kushika zile sehemu ambazo nyuzi za selulosi zinashikana wenyewe kwa wenyewe, inaziachanisha. Sasa maji nayo yanapendwa na kloridi, yakiwepo yanaishika yenyewe na selulosi inabaki bila mtu. Waliona kuwa maji yakizidi kama asilimia 1 tu uyeyushaji unaharibika. Kumbi lililotoka baharini lina maji mara nyingi kuliko hayo, tena na chumvi ya bahari juu yake.

Lakini hapa maji ni msaada pia, na hili ndo linalonifurahisha kwenye kazi hii: ukishamaliza kuyeyusha unaongeza maji kwa makusudi, selulosi inajitoa yenyewe, unaichuja, alafu unayachemsha maji yaondoke na kimiminika unakirejesha. Kloridi haivunjwi na maji kama ile heksaflorofosfati, inalowa tu. Kimiminika chenye asetati badala ya kloridi ni hivo hivo, inayeyusha vizuri na inakunywa maji ya hewani kwa kasi sana. Gharama ni kuwa huko kuyachemsha maji kunakula moto mwingi, na kwa makumbi kuna lignini nyingi, ile gundi ngumu inayoshikanisha nyuzi za mimea, ambayo itakusumbua.

Kwa bajeti ya kijijini angalia mchanganyiko wa kloridi ya kolini na urea. Kloridi ya kolini inatiwa kwenye chakula cha kuku, urea ni mbolea. Kila moja peke yake ni unga, kolini inayeyuka kwenye nyuzi 302 na urea 133, ukizichanganya molekuli moja ya kloridi ya kolini kwa mbili za urea unapata maji maji yanayoganda kwenye nyuzi 12 hivi, Andrew Abbott wa Leicester aliitangaza mwaka 2003. Wengine hawaihesabu kuwa kimiminika cha ioni hasa kwa sababu urea haina chaji. Selulosi haiyeyushi vizuri, ila lignini wapo wanaoiondoa kwa michanganyiko ya ukoo huu wa kolini, na hapo ndo ningeanzia kama ni mie. Nayo inakunywa maji, ukiiacha wazi inalainika tu haivunjiki, maji yakizidi sana inakuwa suluhisho la kawaida la kolini na urea ndani ya maji. Usiipashe moto mkali, urea inatoa amonia.

Nitajuaje kimiminika changu kina maji kiasi gani? Na kama kinayo, nifanye nini? — Fundi wa maabara, Mbweni

Taitresheni ya Karl Fischer, yani kutia dawa kidogo kidogo mpaka maji yote yaishe, hamna njia ya kienyeji inayoaminika. Inatumia iodini na dioksidi ya salfa, iodini inaliwa kwa kadiri ya maji yaliyopo. Kama huna mashine, mnato unakupa fununu, maji yanakilainisha, kikimwagika haraka kuliko jana basi kimekunywa, ila hiyo ni fununu sio kipimo.

Kukausha ni vakyumu, yani kuvuta hewa yote itoke, na joto la wastani, nyuzi 60 au 70, ukikoroga, kwa masaa mengi. Kwa vile vyenye boroni na florini usipandishe moto kikiwa bado na maji mengi, anza na vakyumu bila moto. Na vile vya sulfati ya methili jihadhari navyo, maji moto yanaikata ile ioni inatoka methanoli na asidi, ya ethili nayo inafuata ukichelewa. Sulfati ya oktili ina ustahamilivu zaidi.

Kama kazi yako ni ya betri au ya umeme basi maji ni adui kwa sababu nyengine kabisa, maji yanaweza kuanza kupasuliwa na umeme tangu volti 1.23, wakati vimiminika vikavu vingi vinafika volti 4 na zaidi bila kudhurika. Ukipima na ukaona gesi inatoka mapema usikilaumu kimiminika, kipime maji kwanza.

Maalim mie nalima mwani Paje. Walikuja wataalamu wakatwambia ipo dawa mpya ya kukamulia mwani, haina moshi wala harufu, na ikimwagika baharini bahari ni kubwa itaimaliza. Ni kweli? — Mama wa mwani

Dada yangu, kama dawa hiyo ni kimiminika cha ioni, haina moshi wala harufu ni kweli kwa nyingi yake. Bahari itaimaliza, hapo ulizia vizuri na usikubali jibu la haraka. Sifa ya kuwa rafiki wa mazingira imekuja kwa sababu haziruki hewani, kwa hivo mvutaji hadhuriki. Kwenye maji ni hesabu nyengine.

Ile aina ya triflimidi niliyomsifia mwanafunzi kwa kuwa maji hayaivunji, maana yake hata maji ya bahari hayataivunja, itabaki pale pale na florini zake, imo katika ukoo ule ule wa kemikali za florini zisizooza zinazozungumzwa sana duniani sasa hivi. Zile zinazovunjika zinaacha floridi na asidi. Na ile ioni chanya ikiwa na mkia mrefu wa kaboni inadhuru viumbe wadogo wa majini, hilo limepimwa mara nyingi kwa bakteria wa baharini na wadudu wadogo wa kwenye maji, mkia ukirefuka sumu inazidi. Mwani wako unaota kwenye maji ya kina kifupi, yanayotoka na kurudi, kitu kikimwagwa hapo hakiendi moja kwa moja kwenye bahari kuu, kinapita kwanza kwenye kamba zako.

Waulize hao wataalamu mambo haya: ioni zote mbili zinaitwaje, kila moja inafanywa nini na maji ya chumvi, na kinachobaki baada ya kukamua mwani wanakipeleka wapi. Wakisema ni ya kolini pamoja na kitu cha kuliwa kama asidi ya limau, hapo mna mazungumzo. Wakisema ina florini, kazi hiyo ifanyike ndani ya kiwanda chenye dumu la taka lililofungwa, plastiki sio gilasi, limeandikwa majina yote mawili na tarehe, na lisishushwe pwani kabisa.